Jaguar E-Type ya marehemu baba: nitajuaje iliagizwa na nani, na ilifikaje Kenya?

BintiFundi (Mombasa)

Hamjambo wapenzi wa magari ya zamani. Kuuliza si ujinga, naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Marehemu baba alikuwa fundi wa magari Changamwe. Mwaka 1974 alinunua Jaguar E-Type, ile ya paa gumu ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ubavuni, kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akihama Kenya. Alilitumia hadi mwanzoni mwa miaka ya 80. Spea zikawa hazishikiki, akalipandisha juu ya matofali bandani na kulifunika turubai, na hapo ndipo lilipo hadi leo. Ndugu zangu wamekubali nilishughulikie mimi.

Bei siulizi, na wanunuzi tafadhali msinitafute. Ninachotaka ni historia yake: nani aliliagiza kiwandani, lilitoka lini, lilikuwa la rangi gani, na liliingia Kenya jipya au limeshatumika. Nyumbani kuna kauli mbili. Mama anasema baba alihakikishiwa na aliyemuuzia kwamba gari lilitengenezwa kwa ajili ya kuja Kenya. Ami yangu naye anashikilia kwamba lilitumika Uingereza kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe alikwangua kwenye kioo cha mbele kile kikaratasi cha duara cha kodi ya barabara ya kule. Wote wawili ni watu wa kuaminika.

Nilichonacho: logbuku ya Kenya ambayo kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, jina la kwanza linalosomeka ni la 1966. Bamba la nambari ndani ya boneti lipo, maandishi yamefifia. Nambari ya chasisi inaanza na 8607, ya injini inaanza na R na kuishia na -8. Usukani uko kulia. Kipande cha katikati cha dashibodi ni alumini yenye vidoto. Gari ni jekundu, lakini wekundu huo alipaka baba.

Nianzie wapi?

OtienoSpana (Eldoret)

Pole sana dada kwa kuondokewa na mzee. Hilo gari si mchezo! Kuhusu bamba usihangaike, mapya yanauzwa mtandaoni, unagongesha nambari zako linang'aa kama limetoka kiwandani jana. Mimi ningelipiga msasa na rangi kwanza, makaratasi yakafuata. Gari likipendeza hata watu wanakusaidia kwa moyo.

KomboKilindini (Mombasa)

Mwanangu BintiFundi, pole, Mungu amrehemu mzee wako. Soma haya kabla hujagusa chochote. Na ndugu yangu Otieno, kwa heshima zote, kwenye bamba na msasa siko pamoja nawe hata kidogo. Nitaeleza sababu.

Nilifanya kazi ya kutoa magari bandarini Kilindini kuanzia 1974, na tangu nistaafu nimekuwa nikiwatafutia watu asili ya magari yao. Nimeona magari mazuri yakipoteza ushahidi wake wote ndani ya wiki moja kwa fundi wa rangi, na mwenyewe akija kwangu baadaye hakuna tena kilichobaki cha kusoma. Wewe umekuja mapema, na nimefurahi mno.

Umeshatupa mengi bila kujua. E-Type ya lita 3.8 inayoanza na 860 ni ya paa gumu, usukani kulia. Za paa la turubai zenye usukani kulia zilianzia 850001. Za usukani kushoto zilianzia 875001 kwa turubai na 885001 kwa paa gumu. Kwa hiyo lako lilizaliwa na usukani kulia, halikugeuzwa na mtu. Na hilo si jambo dogo. Za 3.8 zilitengenezwa Coventry kuanzia 1961 hadi 1964, jumla zipatazo 15,500, na sehemu kubwa ilivuka bahari kwenda Marekani. Za paa gumu zenye usukani kulia hazikuzidi 1,800. Ile alumini ya dashibodi nayo inakubaliana: magari ya mwisho ya 3.8 yalivalishwa ngozi nyeusi mahali hapo.

Lakini kilichonifanya nivute kiti ni ile -8. Hicho ni kiasi cha mgandamizo wa injini, 8 kwa 1. Injini ya kawaida ya gari hili iliandikwa -9. Ile ya 8 ilikuwepo kwa ajili ya nchi ambazo petroli yake ilikuwa na okteni ndogo. Mtu wa kukaa London au Birmingham, aliyelipa fedha zote zile apate gari la kasi, angetaka injini iliyopunguzwa nguvu ya nini? Kama injini hiyo ndiyo ya gari hilo tangu mwanzo, basi aliyeandika oda alijua gari lingekwenda kunywa petroli ya ng'ambo. Mama yako anaweza kuwa na haki. Ila injini hubadilishwa, kwa hiyo kwanza tuhakikishe.

Chukua tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, karatasi nyembamba na penseli. Msasa usiupitishe hata mlangoni mwa banda.

Nambari ya chasisi imegongwa kwenye fremu ya mbele, upande wa kulia, juu ya mahali shokabu inapofungwa. Ya injini iko upande wa kulia wa bloki juu ya filta ya oili, na imerudiwa mbele ya silinda hedi. Hizo mbili lazima zifanane, tarakimu kwa tarakimu. Ya giaboksi iko kwenye bega la ganda lake, kona ya nyuma kushoto, na tena kwenye mfuniko wa juu. Ya bodi iko kwenye kibamba kidogo upande wa kulia wa ukuta unaotenganisha injini na abiria. Futa taratibu kwa mafuta ya taa, kausha, weka karatasi juu, sugua penseli kwa ubapa mpaka nambari ijichore yenyewe. Macho huona 3 pale penye 8 iliyoliwa na kutu. Penseli huchora kilichopo.

Kati ya hizo nne, ninayoitaka zaidi ni ya bodi, na watu wengi huiruka. E-Type haina chasisi kama ya lori. Kuanzia ukuta wa injini kwenda nyuma ni ganda moja la bati. Mbele yake ni fremu za mabomba ya mraba zilizofungwa kwa bolti. Gari likigonga mbele, fremu ile hufunguliwa na kuwekwa nyingine, na fremu ya spea haikuja na nambari ya gari lako, fundi aligonga mwenyewe. Kwa hiyo ile inayoitwa nambari ya chasisi imekaa juu ya kitu kinachofunguka kwa spana. Kibamba cha bodi kiko kwenye ganda lenyewe. Daftari la kiwanda likionyesha chasisi na bodi zako kwa pamoja kwenye mstari mmoja, umelishika gari.

Sasa Otieno, ndugu yangu, kuhusu bamba. Ni kweli mapya yanauzwa, na ndiyo maana bamba jipya halimwambii mtu kitu: yeyote anaweza kugongesha nambari yoyote. Hilo lililofifia, na riveti zake za zamani, na vumbi lililoganda pembeni mwa riveti, linaonyesha halijawahi kung'olewa. Binti, lipige picha kwa mwanga wa pembeni, maandishi yataonekana. Usiling'oe.

Na rangi pia ni ushahidi. Kiwandani, fremu za mbele za magari haya zilipakwa rangi ileile ya bodi. Fundi anayebadilisha rangi bila kutoa injini hawezi kufika kila mahali. Ingiza tochi nyuma ya injini, chini karibu na ukuta. Pia fungua ubao wa ndani wa mlango mmoja, utazame bati. Ukikuta rangi nyingine, usiikwangue hata ukajaribiwa. Piga picha.

Jambo la mwisho: usiandike nambari kamili hapa hadharani. Kuna watu huokota nambari za magari yaliyolala na kuzipandikiza kwenye gari jingine. Ziba tarakimu mbili za mwisho.

Salim_wa_Lamu (Coventry)

Shikamoo mzee Kombo. Dada, mimi ni mzaliwa wa Lamu, nakaa Coventry, basi ninaloendesha hupita karibu na Browns Lane ambako gari lako lilitengenezwa. Magari yaliacha kutengenezwa pale 2005 na sasa pamejengwa nyumba. Lakini kumbukumbu hazikufa pamoja na kiwanda. Ziko chini ya Jaguar Daimler Heritage Trust, huko Gaydon, Warwickshire, palepale ilipo British Motor Museum. Wanatoa cheti kwa mwenye gari: unajaza fomu kwenye tovuti yao, unalipia, unaambatisha picha za nambari na uthibitisho kwamba gari ni lako.

Hapo kwenye umiliki panahitaji kazi upande wako. Logbuku bado ina jina la marehemu, sivyo? Anza na mirathi.

Ukipata cheti kitakupa nambari za chasisi, injini, bodi na giaboksi, rangi ya nje na ya ndani, tarehe gari lilipokamilika, tarehe lilipotoka kiwandani na wakala aliyepelekewa. Pengine na jina la mwenyewe wa kwanza na nambari ya usajili, ikiwa viliandikwa wakati ule. Nasema pengine kwa sababu kwa kawaida mteja hakuagiza kiwandani. Aliagiza kwa wakala, wakala ndiye aliyeandikia kiwanda, na daftari huishia kwa wakala. Usivunjike moyo pakiwa patupu.

Kuna jambo moja nataka ulijue kabla cheti hakijafika, maana huwachanganya watu wengi wa kwetu. Uingereza ya wakati ule ilitoza kodi ya ununuzi kwenye magari mapya. E-Type ya paa gumu ilipotoka 1961 iliuzwa karibu pauni 2,200, na zaidi ya pauni 600 ndani ya hizo zilikuwa kodi. Sasa, mtu aliyekuwa akiishi ng'ambo aliruhusiwa kununua gari bila kodi hiyo, akalitumia humohumo Uingereza kwa muda aliopewa, kisha akaondoka nalo. Watumishi wa serikali ya kikoloni Kenya, Uganda na Tanganyika walipata likizo ndefu ya kwenda kwao, na wapo wengi walionunua magari kwa njia hiyo. Gari la namna hiyo lilipewa nambari ya Uingereza, likalipiwa kodi ya barabara, likazunguka huko miezi kadhaa, halafu likapakiwa melini hadi Kilindini. Kwenye daftari la kiwanda utakuta wakala wa Uingereza, ukadhani ni gari la Uingereza lililouzwa mtumba. Kumbe tangu oda lilikuwa la Kenya.

Kwa hiyo yule ami aliyekwangua kikaratasi cha duara msimpuuze.

Neema_Pagoda (Arusha)

Nadandia hapohapo jamani, msinifukuze. Mimi nina Mercedes 230 SL ya babu yangu mzaa mama. Utaratibu ni huohuo au wenzetu wa Stuttgart wana yao? Namba ya chasisi inaanza na 113.042-20.

KomboKilindini (Mombasa)

Karibu mwanangu Neema. Wajerumani waliandika vizuri zaidi ya wote. Kila gari lilikuwa na kadi yake yenye namba ya oda, rangi kwa tarakimu, na vifaa vyote vya ziada kimoja kimoja kwa namba zake. Mercedes-Benz Classic ndio wanaoshika kumbukumbu hizo, na wao pia watataka uthibitisho wa umiliki. Namba yako yenyewe inasomeka: 113 ni aina ya gari, 042 ni 230 SL, tarakimu 2 inayofuata ni usukani kulia, 0 ni gia za mkono. Za 230 SL zilitengenezwa kuanzia 1963 hadi 1967. Fungua mada yako mwenyewe nije huko, tusimchanganye mwenzako.

BintiFundi (Mombasa)

Mzee Kombo shikamoo, na Salim ahsante sana. Nimeshinda bandani na mdogo wangu anishikie tochi.

Chasisi kwenye fremu na kwenye bamba zinafanana. Injini kwenye bloki na kwenye silinda hedi zinafanana, na zote zinalingana na bamba, pamoja na ile -8. Kibamba cha bodi kipo, kimepakwa rangi nyekundu juu lakini penseli imetoa nambari zote. Giaboksi ndiyo tatizo. Bamba linasema EB na mwisho JS, lakini nambari iliyo kwenye giaboksi inaanza na EJ.

Na rangi! Nyuma ya injini, chini kabisa kwenye yale mabomba, ni kijani. Kijani kilichoiva, chenye kumetameta ukikimulika. Nikafungua ubao wa mlango wa kushoto: kijani kilekile, na kwenye pembe ya bati kuna tone lililotiririka na kukauka, laini kabisa, halijaguswa na vumbi la miaka yote hiyo. Mama alipoona picha alinyamaza kidogo, kisha akasema baba hakuwahi kumwambia kwamba gari lilikuwa kijani. Nadhani alilinunua limeshapakwa rangi nyingine katikati, maana kati ya nyekundu na kijani kuna ufito mwembamba wa nyeupe.

Giaboksi ni hasara kubwa?

KomboKilindini (Mombasa)

Si hasara. EJ ni ya E-Type ya lita 4.2 iliyotoka mwishoni mwa 1964. Giaboksi ya 3.8 ni ngumu, gia yake ya kwanza haina sinkronaizi, yaani kifaa cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijaumana, ukiingiza gari likiwa linatembea inasaga meno. Ile ya 4.2 ina sinkronaizi gia zote, na mafundi wengi waliibadilisha kwa kupenda. Pengine ni kazi ya mzee wako mwenyewe. Kwa hiyo itafute ile ya zamani: chini ya meza ya kazi, nyuma ya banda, kwa mafundi aliofanya nao kazi. Mtu wa spana hatupi giaboksi ya Jaguar. Hata ikipatikana ganda tupu lenye EB, lisafishe na ulihifadhi.

Huo ufito mweupe usiuache upite hivihivi. Maana yake kuna mwenye gari mwingine aliyelipenda jeupe, na huyo ni shahidi wa kutafutwa. Sasa wakati mirathi inaendelea, tufanye upande wa Kenya. Kazi hii hufanywa kutoka ncha mbili: daftari la kiwanda linashuka kutoka 1962, mwaka ninaoukadiria kwa nambari yako ya chasisi, wewe unapanda kutoka 1974 kurudi nyuma, mpaka mkutane.

Jina la 1966 kwenye logbuku liandike kama lilivyo, na anwani, na muhuri wa ofisi iliyosajili. Kisha omba nakala ya rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya. Kwa magari ya zamani kiasi hicho uende mwenyewe, na logbuku mkononi, uzungumze na mtu wa masjala uso kwa uso.

Halafu ingia kwenye Kenya Gazette. Watu hudhani ni karatasi za sheria tu. Matoleo ya enzi ya ukoloni na baada ya uhuru yamepigwa picha na yanasomeka mtandaoni bila malipo. Humo serikali ilitangaza uteuzi na uhamisho wa maofisa, orodha za madaktari waliosajiliwa na anwani zao, na matangazo ya mirathi ya waliofariki. Mtu aliyemiliki gari kama lile 1962 alikuwa ofisa, daktari, wakili, mkulima mkubwa au mfanyabiashara, na watu wa namna hiyo ni nadra Gazette iwakose. Ukiwa na jina na mji, unamfuata mwaka kwa mwaka.

Kisha gazeti la East African Standard. Matoleo ya zamani yako Maktaba ya McMillan, Nairobi. Soma matangazo madogo ya kuuza magari. Wageni waliokuwa wakiondoka miaka ile waliuza vitu kwa tangazo, na E-Type haikuwa gari la kutangazwa kila wiki. Kwako miaka ni michache: 1963 hadi 1966, na tena 1974.

Wengine watakuambia utafute orodha za abiria wa meli zilizoko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Zile zinaishia 1960. Kwa gari la 1962 usipoteze muda wako.

OtienoSpana (Eldoret)

Mzee nimesoma yote na nimekuelewa. Kuna MGB hapa gereji nilikuwa nianze kuikwangua kesho, nimemwambia mwenyewe asubiri kwanza. Hiyo nayo ina daftari?

KomboKilindini (Mombasa)

Ahsante sana kwa kumwambia asubiri. Ina daftari. MGB ziliunganishwa Abingdon, na kumbukumbu zake ziko British Motor Museum hukohuko Gaydon, nao hutoa cheti. Ikianza na GHN3 ni ya turubai ya toleo la kwanza, GHD3 ni ile GT ya paa gumu, na L ikifuata hapo ni usukani kushoto. Soma nambari zote kabla ya msasa.

BintiFundi (Mombasa)

Wapendwa, nilikaa kimya kwa sababu ya mirathi. Mahakama ya Kadhi imemaliza, gari limeingia jina langu, na cheti kimefika kutoka Gaydon. Nimekisoma nikiwa nimesimama posta.

Chasisi, injini na bodi: zote tatu zinalingana, na giaboksi iliyoandikwa ni ile ya EB iliyoko kwenye bamba. Rangi ya nje Opalescent Dark Green, ndani Tan. Gari lilikamilika Oktoba 1962 na kutoka kiwandani mwezi uliofuata. Wakala ni wa London, na pembeni mwa jina la wakala pameandikwa kwamba limeuzwa kwa mtu wa kulisafirisha nje mwenyewe. Kuna nambari ya usajili ya Uingereza. Na kuna jina la mwenyewe wa kwanza, likitanguliwa na Dr.

Nilimsomea mama kwanza, kisha nikampigia ami. Kila mmoja akasema, "Si nilikwambia!"

Jina sitaliweka hapa kwa sababu huenda ana watoto na wajukuu. Lakini nilifanya kama mzee Kombo alivyonielekeza, nikamtafuta kwenye orodha za madaktari za Gazette, na nimemkuta. Anwani yake ni Kisumu. Jina la 1966 kwenye logbuku ni la mtu mwingine kabisa, wa Thika. Kwa hiyo kati ya mwisho wa 1962 na 1966 gari lilitoka Kisumu likaenda Thika, na pengine hapo katikati ndipo lilipopakwa nyeupe.

Salim_wa_Lamu (Coventry)

Allahu Akbar. Dada, hongera. Hiyo nambari ya Uingereza nitumie kwa ujumbe wa faragha. Kabla ya usajili wa magari kukusanywa kwenye ofisi moja Swansea miaka ya 70, kila halmashauri ilikuwa na rejista yake ya magari. Nyingi zilitupwa, lakini baadhi zimo kwenye hifadhi za wilaya. Herufi za nambari zitatuambia ni halmashauri ipi, nami nitauliza kama kitabu chake kilipona. Kikiwepo, kitakuwa na tarehe ya kusajiliwa na pengine maandishi kwamba gari limetolewa nje ya nchi. Hapo tutajua daktari alilitembelea kwa muda gani kabla ya kupanda meli.

KomboKilindini (Mombasa)

Mwanangu, nimesoma cheti chako na nimefurahi kama ni gari langu. Ile -8 ilisema kweli: daktari alijua anarudi Kisumu. Fikiria barabara ya kutoka hapa Mombasa kwenda Nairobi wakati huo, sehemu kubwa bado ni ya vumbi, na gari lile lilivyo chini. Ama alilipandisha treni, ama alikuwa na moyo. Ukipata familia yake, waulize hilo, kisha waulize picha. Mtu hanunui E-Type asipige picha.

Thika nitakusaidia. Kuna mzee tuliyefanya naye kazi ambaye shemeji yake alikuwa fundi kwenye mashamba ya kahawa huko.

BintiFundi (Mombasa)

Salim nimekutumia. Mzee Kombo, nasubiri habari za Thika.

Giaboksi ya EB nimeipata, ilikuwa chini ya magunia kwa fundi mwenzake baba hapa Changamwe. Amenipa bila kudai hata shilingi, akasema baba alimwachia aitunze. Nambari yake ndiyo iliyo kwenye cheti.

Sasa naomba wana Kisumu. Kama mzazi wako au jirani alifanya kazi hospitali huko kati ya 1963 na 1966, kama muuguzi, karani, dereva au mpishi, tafadhali muulize kama anakumbuka daktari Mzungu mwenye gari dogo refu la kijani, milango miwili, boneti ndefu kuliko gari lenyewe. Muulize lilikuwa bado kijani au limeshakuwa jeupe, na kama anajua daktari alimuuzia nani. Niandikieni hapahapa au kwa ujumbe wa faragha, hata kama ni jina moja tu la mtu wa kuuliza.